Vitengo Tisa

Jumanne, saa moja kasoro dakika nane asubuhi, taa ya chumba namba 12 katika jengo la michezo la Chuo cha Jamii cha Cardoza ilikuwa inawaka. Msafishaji Eusebio Arreguín aliiona akiwa bado kwenye maegesho, ikiwa doa la njano ndani ya ukungu, akashangaa. Mwenye chumba hicho, Verlene Tackett, alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa bila kuacha taa ikiwaka hata siku moja.

Arreguín alifungua kwa ufunguo wake. Verlene alikuwa amelala sakafuni nyuma ya meza kwa ubavu wa kulia, miwani bado usoni. Kando ya kiti palikuwa na tufe la chuma la kilo nne, lile alilolitumia kuzuia mlango usijifunge. Lilikuwa limefutwa, ila si vizuri.

Sajini Odete Bettencourt wa ofisi ya sherifu alifika saa moja na robo. Alisimama mlangoni dakika tano nzima kabla ya kuingia. Ndiyo ilikuwa desturi yake, na wenzake waliizoea kama walivyozoea harufu ya zizi la ng'ombe kwenye koti lake. Alihesabu vitu: meza moja, viti viwili, kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli. Mkoba wa marehemu ulikuwepo na pochi yake imo ndani. Kwa hiyo hakuwa mwizi.

Juu ya meza palikuwa na karatasi moja iliyochapwa kwa mashine, orodha ya timu ya wanawake ya mbio za nyika. Ilikuwa na safu nne: jina, namba ya mwanafunzi, masomo, vitengo. Majina yalikuwa matano. La tatu lilikuwa limezungushiwa kalamu nyekundu: Xiong, Kalia. Vitengo 9. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HANA SIFA. KURIPOTI KESHO.

Odete hakuhitaji kufafanuliwa. Verlene alikuwa mhakiki wa sifa, yaani mtu anayeamua nani anaruhusiwa kuivalia Cardoza jezi na nani haruhusiwi. Mwanamichezo hubeba vitengo kumi na viwili, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kila siku ya msimu. Akishuka chini ya hapo hata kwa saa moja, hachezi, na akicheza, ushindi wote alioshiriki unafutwa. Timu ya mbio za nyika huhesabiwa kwa wakimbiaji watano. Cardoza ilikuwa na watano tu, na fainali ya jimbo ilikuwa Jumamosi.

"Kuna kitu hakipo," alisema Arreguín kutoka kwenye korido. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Kitu gani?"

"Daftari lake, jeusi, la waya. Kila Jumatatu alikuwa akizunguka madarasani, anafungua mlango kidogo, anachungulia nani yupo na nani hayupo, anatia alama. Hakuiamini kompyuta. Vijana walimwita Mama Mlango."

"Jana alizunguka?"

"Kama kawaida, kuanzia saa mbili asubuhi. Na alasiri nilimwona Kalia, yule binti wa wahamiaji wa Kihmong, akitoka humu ndani, saa kumi na dakika ishirini. Alikuwa analia." Alitazama sakafu. "Sipendi kusema hivyo, Sajini. Ni binti mwenye adabu. Hunisalimia."

*

Saa nane mchana daktari wa kaunti alipiga simu. Pigo lilikuwa moja, nyuma ya kichwa. Saa ya mkononi ya marehemu, ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, ilikuwa imeandika pigo la mwisho la moyo Jumatatu saa kumi na dakika thelathini na nane alasiri.

Kalia Xiong alikuwa na miaka ishirini na mwili wa mtu anayekimbia kilomita mia kwa wiki. Alikaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, mikono mapajani.

"Uliingia kwa Bibi Tackett saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika tano."

"Ukatoka?"

"Na ishirini hivi."

"Mazoezi yalianza saa kumi na nusu. Hukuonekana."

"Nilikimbia peke yangu, kwenye ukingo wa mfereji."

"Nani alikuona?"

"Kwenye ukungu ule? Labda bata."

Odete hakucheka. "Una vitengo vingapi, binti?"

"Tisa. Ijumaa niliacha Takwimu."

"Na unajua maana ya tisa."

"Najua kuhesabu, Sajini."

"Basi nihesabie. Unatakiwa kumi na viwili, unavyo tisa, fainali ni Jumamosi, na mwanamke mwenye kalamu amekufa."

"Bibi Tackett alijua. Haikuwa shida."

"Kwa nini haikuwa shida?"

Kalia alifumba midomo. "Muulizeni mwenyewe," alisema, kisha akagundua alichosema, akainamisha kichwa. "Samahani."

Huu ulikuwa msimu wake wa pili, na kanuni za vyuo vya jamii, vya miaka miwili, hazina msimu wa tatu. Mwalimu wa mbio kutoka chuo kikuu alikuwa ameahidi kuja kumtazama siku moja tu, Jumamosi. Odete aliyajua hayo kwa sababu wasichana wengine wanne walimweleza wote kwa pamoja, wakikatizana.

Kocha Russ Dahlgren alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kupiga kelele uwanjani. Wiki iliyopita, watu watatu walimsikia akimwambia Verlene kwamba siku moja mtu atamsukuma kwenye ngazi.

"Nilisema," alikiri. "Nimemwambia hivyo kila Novemba kwa miaka kumi. Na yeye hunijibu, 'Shika foleni, Russ.'"

"Jana ulifika mazoezini saa kumi na moja."

"Tairi lilipasuka njiani. Nenda kwa fundi pale kona, muulize nani aliyemtukana jana kwa kuchelewa."

Odete alimwonesha picha ya karatasi ya mezani. Kocha aliisoma mara mbili, akakunja uso.

"Huyu si Verlene."

"Kwa nini?"

"'Kuripoti kesho'? Verlene alale na ripoti? Kanuni inasema kosa linaripotiwa siku ile ile linapoonekana. Mwaka juzi alinifuata kwenye mazishi ya mjomba wangu kuniambia mkimbiaji wangu ameshuka vitengo. Kwenye mazishi, Sajini! Jeneza liko pale."

"Lakini vitengo ni tisa kweli."

"Ni tisa. Nilitia saini mwenyewe."

"Ulitia saini nini?"

Kocha alifungua mdomo, akaufunga. "Hilo muulize binti. Siri si yangu."

Juu, ghorofa ya pili, Craig Fennimore alimkaribisha Odete kwa kahawa. Alikuwa mshauri wa masomo ya wanamichezo kwa miaka kumi na moja, na ukuta wake ulijaa picha za vijana waliovaa majoho ya kuhitimu. Kwenye mlango alikuwa amebandika ratiba yake: saa za ushauri, na darasa moja alilofundisha, Uongozi Michezoni, vitengo vitatu, Jumatatu na Jumatano saa mbili asubuhi, chumba G-4.

"Maskini Verlene," alisema. "Alikuwa mgumu, lakini mgumu kwa wote."

"Wewe unaona vitengo vya wanamichezo wote?"

"Kila asubuhi, kabla ya kahawa."

"Kwa hiyo uliona vya Kalia Xiong."

Alishusha pumzi. "Sitaki kumsingizia mtoto wa watu. Lakini kumi na mbili kutoa tatu ni tisa, na tisa hazikimbii. Nadhani Verlene alimwita amwambie. Binti ana ndoto, na mtu akinyang'anywa ndoto…" Alimalizia kwa mkono.

"Saa kumi na nusu jana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nikipanga masomo ya muhula ujao. Peke yangu, kwa bahati mbaya."

Jioni Luteni Skaggs alipiga simu kutoka makao makuu. Alikuwa amesoma taarifa.

"Odete, una binti aliyelia, hana wa kumshuhudia, ana sababu, na sababu hiyo imezungushiwa wino mwekundu. Unangoja nini, mvua?"

"Nangoja anieleze kwa nini ananyamaza. Mwenye hatia angekuwa ameshanipa hadithi tatu."

"Una mpaka kesho jioni. Na asitoke nje ya kaunti."

Fainali ilikuwa kaunti ya jirani.

*

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, Odete aliingia katika ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu. Maneno ya kocha ndiyo yaliyompeleka: siri, saini, vitengo. Mkuu wa ofisi hiyo, Balwinder Gosal, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hata kama lingekuwepo faili lenye jina hilo, Sajini, nisingeweza kukuambia kwamba lipo."

"Na mwenyewe akitia saini?"

"Akitia saini, nitalitafuta faili ambalo sijui kama lipo."

Odete alimkuta Kalia kwenye hatua za maktaba. Alikaa karibu naye, akamwekea fomu ya ridhaa magotini.

"Leo jioni nitaambiwa nikukamate," alisema. "Nitakukamata. Sitakuwa na namna."

Kalia aliitazama fomu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Herufi zinahama," alisema hatimaye. "Tangu utotoni. Nikiangalia mstari, maneno ya chini yanapanda juu. Takwimu ilikuwa kurasa arobaini kwa wiki. Nilikuwa nalala saa mbili tu kwa usiku."

"Hilo si kosa la mtu."

"Baba hajui Kiingereza. Mimi ndiye ninayemsomea barua za serikali, za hospitali, za mwenye nyumba. Tangu nina miaka minane. Nikisema sijui kusoma vizuri, ataanza kujiuliza miaka yote hiyo nilikuwa namsomea nini."

"Ulikuwa unamsomea nini?"

"Nilikuwa nasoma kila barua mara tano chooni kwanza." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Nipe kalamu."

Faili lilikuwepo. Kanuni ilimruhusu mwanamichezo mwenye ulemavu uliothibitishwa kubeba vitengo tisa badala ya kumi na viwili. Ruhusa ya Kalia ilikuwa na nafasi nne za saini, na kwenye nakala ya Gosal tatu zilikuwa zimejazwa: mwanafunzi, kocha, Gosal. Ya nne, ya mhakiki wa sifa, ilikuwa tupu.

"Nakala halisi alikuwa nayo Kalia," alisema Gosal. "Inatakiwa ifike shirikisho la vyuo kesho Alhamisi kabla ya saa sita mchana, ikiwa na saini zote nne."

"Bibi Tackett alitia ya nne," alisema Kalia. "Jumatatu. Niliona kwa macho yangu. Akaiweka ndani ya daftari lake jeusi, akasema ataipeleka mwenyewe, haamini posta. Kisha akaniambia, 'Jumamosi hakuna cha kusoma. Kimbia tu.' Ndiyo maana nililia."

Odete alifunga faili. Aliyezungushia wino mwekundu vile vitengo tisa aliamini vilikuwa kosa. Kalia alijua si kosa. Kocha na Gosal pia walijua, na Verlene mwenyewe aliyetia saini. Basi karatasi ile iliandikwa na mtu wa tano, mwenye macho ya kuona vitengo lakini asiye na macho ya kuona ruhusa.

Alirudi chumba namba 12, akaagiza kufuli la kabati likatwe. Ndani kulikuwa na orodha za miaka yote zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Alichukua ya Ijumaa, ya timu ile ile. Ilikuwa na safu tano: jina, namba, masomo, vitengo, na ya tano yenye herufi R, ya ruhusa iliyokwisha kuombwa, kwa Kalia peke yake. Akachukua nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa na safu tano.

Fundi wa kompyuta wa chuo alijibu kwa simu baada ya dakika tisa.

"Safu ya tano inaonekana kwa akaunti ya mhakiki tu, ni mambo ya faragha. Mkuu wa michezo na mshauri wanaona nne. Hiyo unayoisema ilichapwa Jumatatu saa kumi na dakika hamsini na mbili, kwenye mashine ya chini, karibu na chumba 12."

"Kwa akaunti ya nani?"

Alimtajia.

Verlene alikuwa ameshakufa kwa dakika kumi na nne.

Iliyobaki ilikuwa sababu. Odete alikwenda G-4. Arreguín alimfungulia, naye alilazimika kuusukuma mlango kwa bega. Chumba kilijaa mikeka ya mieleka, imepangwa hadi karibu na dari. Hapakuwa na kiti hata kimoja.

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba, dari la stoo lilipovuja. Niliipanga mwenyewe."

Odete alipitisha kidole juu ya mkeka. Kilitoka cheusi.

*

Saa tisa alasiri alikaa mbele ya Craig Fennimore na kuweka karatasi mbili mezani, sambamba. Naibu wa sherifu alisimama mlangoni.

"Hesabu safu za hii."

Fennimore alitabasamu. "Huu mchezo gani, Sajini?"

"Hesabu, bwana."

"Nne."

"Na za hii, ya kwenye kabati lake?"

Alihesabu kwa macho. Akahesabu tena. "Tano."

"Ya tano ni ruhusa. Akaunti yako haikuonyeshi. Yule binti ana haki ya kukimbia na vitengo tisa, na Verlene alikuwa ametia saini dakika ishirini kabla hujaingia. Ulimtengenezea sababu ya kuua mtu ambaye hakuwa na sababu."

"Nachapa karatasi mia kwa wiki. Verlene huenda aliniomba."

"Saa kumi na dakika hamsini na mbili? Moyo wake ulisimama saa kumi na dakika thelathini na nane."

Fennimore aliangalia picha za ukutani.

"Darasa lako la G-4 lina wanafunzi wangapi?" aliuliza Odete.

Fennimore alisogeza kikombe chake pembeni.

"Nimechukua orodha. Ni sita, wote wa mpira wa kikapu, na kila mmoja anafikisha kumi na viwili kwa vile vitatu vyako. Jumatatu saa mbili asubuhi umewatia wote alama ya kuhudhuria. Wamekaa wapi, juu ya mikeka?"

"Ni watoto wazuri," alisema Fennimore taratibu. Sauti yake ilikuwa imepoteza kahawa na ukarimu. "Wawili wanalala kwenye gari. Mmoja anamlea mdogo wake. Ukiwaambia wasome vitengo kumi na viwili, wanaacha chuo, wanarudi mtaani, na huwaoni tena. Mpira ndio kamba pekee. Nimewavusha vijana thelathini na wanane kwa darasa lile. Watazame hapo ukutani!"

"Na Verlene alichungulia mlango."

"Alichungulia mlango. Miaka yote aliniamini, akaupita; Jumatatu hii hakuupita. Alasiri nilishuka kumbembeleza. Nikamwambia, nipe mpaka mwisho wa muhula. Akasema ofisi ya shirikisho inafungwa saa kumi na moja, kwa hiyo ana nusu saa. Alisema hivyo, 'nina nusu saa.' Akanigeuzia mgongo aandike." Alifungua na kukunja vidole. "Tufe lilikuwa pale mguuni."

"Ukapanda juu, ukatuma orodha ichapwe kwenye mashine ya chini."

"Nilitafuta jina. Jina lolote lenye tatizo. Lilikuwepo moja tu."

"Wale sita ni watoto wazuri," alisema Odete. "Huyu wa saba je?"

Fennimore alizifunika zile karatasi mbili kwa viganja, na Odete akaendelea.

"Daftari liko wapi?"

"Nililichoma jana. Baba mkwe ana shamba la milozi, alikuwa na kibali cha kuchoma matawi. Nililitupa katikati ya rundo."

"Ulilifungua kwanza?"

"Kwa nini nilifungue? Nilijua kilichomo."

"Hukujua," alisema Odete, akamwashiria naibu alete pingu.

*

Saa kumi na moja na robo jioni, manaibu wawili walipata kwenye majivu ya shamba hilo waya wa daftari, urefu wa sentimita ishirini. Karatasi haikubaki hata moja.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Odete alipiga simu shirikisho la vyuo. Alieleza kwamba ruhusa ilisainiwa, kwamba aliyesaini aliuawa, kwamba aliyemuua alikiri kuichoma. Mwanamke wa upande wa pili alisikiliza bila kumkatiza.

"Nani alishuhudia saini ya mhakiki?"

"Mwanafunzi mwenyewe."

"Mwenye kufaidika hawezi kuwa shahidi, Sajini. Chuo kinaweza kuteua mhakiki mpya, lakini saini yake inaanza kutambuliwa baada ya siku saba."

"Fainali ni keshokutwa."

"Najua. Nilimfahamu Verlene miaka kumi na tano. Unadhani yeye angenijibu nini kama ningempigia na ombi hili?"

Odete alikata simu. Saa nne alikwenda kumwambia Kalia mwenyewe, kwa mdomo, asije akaisoma kwenye barua.

Ijumaa shirikisho lilifuta ushindi wote wa mechi tano wa timu ya mpira wa kikapu ya Cardoza, na wachezaji sita waliondolewa.

Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, wanawake mia moja themanini na watatu walianza fainali ya jimbo. Cardoza ilisimamisha wanne. Kalia Xiong alikuwa nyuma ya kamba, makoti manne mikononi, na kando yake Kocha Dahlgren, ambaye kwa mara ya kwanza hakupiga kelele. Matokeo yalibandikwa saa tano na dakika ishirini. Kwenye orodha ya timu, mbele ya jina la Cardoza, paliandikwa: haikukamilika.